Mwaka Nilipovaa Hedifoni

Tulimzika Festo nyumbani kwake Ipogolo, chini ya mlima, mahali ambapo malori hubadilisha gia kwa kelele kiasi kwamba mchungaji alilazimika kunyamaza mara kadhaa katikati ya sala. Nilikuwa nimesimama nyuma ya waombolezaji, na kila lori lilipokaribia nilijikuta nimeinua mkono wa kulia kidogo, kama vile kuna mtu anayepaswa kusimamisha shughuli mpaka lori lipite. Nadhani hakuna aliyeniona. Baadaye tuliketi jamvini tukala wali, maharage na kabichi, na mjane wake akaja kukaa karibu yangu. Huyu huniita wifi siku zote, kwa sababu mimi nilimwita mumewe kaka tangu kabla hajamwoa. "Wifi," alisema, "watoto wananiuliza baba yao na wewe mlianzaje kazi. Mimi ninayajua ya baada ya ndoa. Ya kabla unayo wewe." Nilimjibu kwamba nikianza kuyasema pale nitalia kabla sijafika popote, kwa hiyo afadhali niyaandike. Akasema, "Basi andika, lakini usimfanye malaika. Alikuwa anakoroma." Tukacheka wote wawili, msibani, na mama mmoja wa kwaya akatugeukia na kututazama vibaya.

Ya kwetu Rungwe na ya wazazi wangu nayaacha. Naanzia Mbeya, miaka ya sabini, katika ofisi moja ya mkoa nilikokuwa mpiga chapa. Tulikuwa wanawake sita katika chumba chenye dirisha moja, na mashine zetu zilipiga kelele mpaka jioni ukienda kulala vidole vinaendelea kucheza juu ya shuka. Kazi yangu hasa ilikuwa kusikiliza kanda za mikutano na kuzichapa. Nilikuwa naweza kutofautisha sauti za wajumbe bila kuambiwa majina, hata nani ana mafua, na wenzangu walinitania kwamba nitaolewa na rekoda. Ndipo likaja Landrover la wapiga filamu kutoka Dar es Salaam. Walikuwa wameagizwa kuzunguka nyanda zetu za juu mwaka mzima kutengeneza filamu za elimu ya watu wazima, zile zilizokuwa zikionyeshwa vijijini kwa gari la sinema. Mtu wao wa sauti aliumia mgongo wakamrudisha kwao, wakabaki wawili: Ndugu Sefu, mtayarishaji, mtu wa Tanga mwenye maneno mazuri na haraka nyingi, na Festo, mpiga picha, Mhehe mrefu mkimya aliyevaa koti la mvua hata kiangazi. Bosi wangu akanitaja mimi. Ndugu Sefu alinitazama, akatazama rekoda yao nzito yenye mkanda wa begani, akanitazama tena.

"Utaweza kuibeba, bibie?"

"Kwetu nimebeba mikungu ya ndizi mizito kuliko hiyo, ndugu."

"Mikungu ya ndizi haiharibiki ukiigongesha," alisema. "Haya. Nakuchukua kwa majaribio. Mwaka ukiisha, ama unabaki kwenye sauti moja kwa moja, ama unarudi kwenye mashine yako ya chapa."

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilijua ninachogombania. Sikuwa na neno lolote na wenzangu wa kile chumba, lakini nilipotoka nikiwa na rekoda begani, na upepo wa Mbeya ukanipiga usoni saa nne ya asubuhi, saa ambayo kwa miaka miwili sikuwahi kuwa nje, niliapa moyoni kwamba sirudi mle ndani.

Aliyenifundisha ni Festo. Kamera yao haikuchukua sauti hata kidogo. Sauti ilikaa kwenye kanda ya rekoda, picha kwenye filamu, na viwili hivyo vilikuja kuunganishwa Dar es Salaam. Ndiyo maana kabla ya kila picha mtu alisimama mbele ya kamera akapiga kofi moja, ili mhariri alinganishe mikono inapokutana na mlio wenyewe. Jioni ya kwanza, katika chumba cha kulia cha nyumba ya wageni, Festo alinivalisha hedifoni, akanikalisha mbele ya sahani yangu ya ndizi na maharage, akasema nifumbe macho na nimtajie ninachosikia. Nilisikia kijiko. Nilisikia mafuta yakichemka jikoni, na mpishi akimwambia mtu kwa Kisafwa kwamba wageni wa Dar hawali pilipili. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe. "Sasa bonyeza hapa," alisema. Kulikuwa na swichi ndogo ubavuni. Ukiiweka upande mmoja, unasikia sauti inavyoingia kutoka kwenye kipaza sauti. Ukiiweka upande wa pili, unasikia sauti ileile ikiwa imekwisha kaa kwenye kanda, imechelewa kidogo sana, kama mtu anayekufuata nyuma hatua moja. "Kaa upande wa pili muda wote," aliniambia. "Sauti inayoingia itakudanganya. Inaweza kuwa nzuri na kanda isishike chochote. Na ukisikia kitu kimeharibika, inua mkono. Mimi nitazima kamera. Sitakuuliza kwa nini."

"Na Ndugu Sefu?"

"Yeye atakuuliza kwa nini."

Na kweli aliniuliza. Kazi yetu kubwa ya kwanza ilikuwa Iringa, katika kanisa moja la Kilutheri, kurekodi kwaya iliyotunga wimbo wa kuhimiza kuchemsha maji ya kunywa. Ndani ya hedifoni kanisa lile lilikuwa soko. Nilisikia kinamama wa sauti ya kwanza wakinong'ona kunihusu, wakidhani kwa kuwa nimeziba masikio sisikii. "Yule binti masikio yanamuuma?" "Hapana, ni wa simu." "Wa simu, na umri ule? Angekuwa na wawili sasa." "Watatu!" Nilijitahidi nisicheke. Walipoanza kuimba nilisikia kitu kikigonga kwa mbali, nikainua mkono. Festo akazima. Kumbe ni dirisha lililolegea. Wakaanza upya, mtoto akakohoa karibu kabisa na kipaza sauti, nikainua mkono. Wakaanza tena, na safari hii kukawa na mvumo mzito chini ya besi ambao nusura nidhani ni wimbo wenyewe, mpaka nikagundua ni mashine ya kusaga ya jirani. Nikainua mkono. Mwalimu wa kwaya aliweka fimbo yake chini. Ndugu Sefu akanijia taratibu, na taratibu ile ilikuwa mbaya kuliko kelele.

"Ndugu Atupele, unajua filamu inatoka nje ya nchi?"

"Najua, ndugu."

"Unajua ninaiomba kama dawa? Wewe unaila kama karanga."

Festo hakunitetea kwa maneno. Alitoka nje, tukamsikia akizungumza Kihehe na mwenye mashine, akirudia salamu ile ya kwao, kamwene, kamwene, kwa muda mrefu, na baadaye mvumo ukanyamaza. Aliporudi alisema tu, "Sasa tayari," akainama kwenye kamera yake. Wimbo ulirekodiwa, na ulikuwa safi. Lakini jioni Ndugu Sefu aliniambia wazi kwamba mtu wa sauti mwenye hofu ni gharama, na kwamba akinipima mpaka pale, ninarudi Mbeya. Nilikula ugali wangu usiku ule bila kujua mboga ilikuwa nini.

Sasa, nikiwa mtu mzima, naona alikuwa na haki kwa upande wake. Nilikuwa nainua mkono kwa sababu kuinua mkono kulikuwa salama. Sauti safi haina mtu ndani yake asiyetakiwa, na mimi nilitaka usafi ule kama mtu anayefagia uwanja kabla wageni hawajaja. Ilinichukua sehemu kubwa ya mwaka kuelewa kwamba kusikia kelele ni kazi rahisi. Chunya ilinifundisha nusu yake. Kule upepo ulikuwa haukomi, vumbi likaingia kila mahali, na katika mashamba ya tumbaku hedifoni ilinipa mngurumo mtupu, mpaka Festo akavua soksi yake na kuivisha kipaza sauti. "Ni safi," alisema. Haikuwa safi. Lakini upepo ulipungua, na nyuma yake nikawasikia wakulima, na majani makavu ya tumbaku yakipanguswa, na nikaacha upepo kidogo ubaki kwa sababu Chunya bila upepo isingekuwa Chunya. Sikuinua mkono siku ile. Usiku Ndugu Sefu alinisogezea bakuli la nyama.

Mwisho wa mwaka tulishukia Chimala, kwa ajili ya filamu ya mwisho. Ilihusu wafugaji waliohama kutoka kaskazini na ng'ombe zao hadi bonde la Usangu, na namna walivyokuwa wakiishi na wenyeji wanaolima mpunga, maana maji yalikuwa yaleyale na maneno yalikuwa yameanza kuwa makali. Tulikuwa tumebakiwa na mkebe mmoja wa filamu. Ndugu Sefu alitaka mwanamke wa kifugaji aeleze, kwa maneno yake, walivyofika. Mtu aliyetajwa kote ni Mama Kabula, Msukuma, mwenye boma kubwa kule bondeni mbali na barabara. Tulimkuta akisafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto. Alitukaribisha kwa ugali wa mtama na maziwa ya mgando, akakataa kuzungumza chochote cha maana mpaka tumemaliza, na hata Ndugu Sefu na haraka zake alikula mpaka akalegeza mkanda.

Tulianza na majaribio, kamera ikiwa haizunguki. Ndugu Sefu aliuliza, Mama Kabula akaeleza, akitazama mikono yake kama heshima ya kwao inavyotaka mwanamke akizungumza na wanaume wageni. Lakini nilichokisikia kwenye hedifoni kilikuwa kibaya. Kila neno la yule mama lilikuwa na "ndiyo, ndiyo, naam, naam" ya Ndugu Sefu juu yake. Nilimwonyesha kwa kumvalisha hedifoni asikilize kanda. Akajisikia mwenyewe, akashtuka. "Lo! Mimi ndiye huyu? Haya, ninyamaze. Wote tunyamaze. Asitoe mtu sauti." Tukajaribu tena. Mama Kabula alisema sentensi mbili. Kimya. Akasema ya tatu, pole pole. Kimya. Akainua uso.

"Mbona hamniitikii?"

"Endelea tu, mama, tunakusikia," alisema Ndugu Sefu.

"Mnanisikia au mnangoja nikosee? Watu wanakaa kimya hivi wanakusikiliza kwenye baraza la kesi."

Ndugu Sefu akamweleza habari za kanda. Akamwomba atazame tunavyotikisa vichwa. Mama Kabula akasema kwamba yeye hatazami wanaume usoni ili kuhesabu vichwa vinavyotikisika, na kama maneno yake hayana mwitikiaji basi hayana mwenyewe. Nilimwelewa haraka kuliko wenzangu. Hata kwetu Rungwe, ukimhadithia mtu naye akakaa kimya, utaacha, utamuuliza kama anaumwa. Lakini sikujua la kufanya, na jua lilikuwa linapanda, na mkebe ulikuwa mmoja.

Wakati huo aliingia jirani yake, Mama Zaituni, Msangu, amebeba ungo wa mchele mpya kichwani. Alitusalimu wote, akauliza kwa sauti kama kuna msiba, mbona watu wamenuna. Mama Kabula akamwambia, "Wamenikataza kuitikiwa." Mama Zaituni akacheka mpaka akashusha ungo. Nilikuwa bado nimevaa hedifoni, rekoda ikiwa imewashwa, na wale wawili wakaanza kuongea yao, habari za ndama aliyepotea. Hapo ndipo niliposikia kitu. Mama Zaituni aliitikia kila kauli ya mwenzake, tena kwa sauti, "Eeh," "Mmh," "Kumbe," na hakuna hata mara moja aliyokanyaga neno. Alikuwa anaingia pale pumzi inapokatika, anatoka kabla neno halijaanza. Ndugu Sefu alikuwa anaitikia kwa sababu ana haraka. Mama Zaituni alikuwa anaitikia kwa sababu anasikiliza, na masikioni mwangu tofauti ilikuwa kubwa kama ya mlango unaogongwa na mlango unaofunguliwa.

"Ndugu Sefu," nilisema, "mwache huyu mama akae naye. Nje ya picha."

"Akae, lakini asiseme kitu."

"Sasa nitakaa nifanye nini?" aliuliza Mama Zaituni.

"Aitikie," nilisema. "Anajua pa kuitikia. Mimi nimemsikia."

Ndugu Sefu alinionyesha kamera kwa kidole. "Huu ni mkebe wa mwisho, bibie. Ukiharibika, umeharibika na wewe ndani yake."

Nikasema nimeelewa. Festo akafunika kamera kwa blanketi kupunguza mlio wake, akainama. Nikapiga kofi. Mama Kabula akaanza.

Alieleza walivyotoka kwao kwa miguu, ng'ombe wakitangulia na wanawake nyuma na mizigo. Eeh. Alivyokuwa na mimba kubwa, mume wake akisema watafika kabla. Mmh. Walivyofika bondeni mito imejaa, ng'ombe hawawezi kuvuka. Eeh. Uchungu ukamshika pale ukingoni, katika mvua, watu wasiojua lugha yao wakiwatazama kwa mbali wakiwa na majembe. "Nikasema, hapa nitakufa, na hawa watanizika bila kujua jina langu." Nikangoja "eeh" ya Mama Zaituni. Haikuja. Nilisikia pumzi yake ikiingia, kisha akasema, kwa sauti yake kamili, "Mvua ilikuwa inapiga hata mwenzio humuoni. Mimi nikasikia mtu analia, nikatupa jembe."

Ndugu Sefu aliinua mkono. Kwake ilikuwa dhahiri: sauti isiyo na mtu imeingia kwenye picha, picha imeharibika. Festo angeweza kuzima, na asingelaumiwa na yeyote, maana mkubwa wetu alikuwa ameamuru. Lakini aliinua jicho kutoka kwenye kamera, akanitazama mimi. Na mimi nilikuwa nazisikia sauti zote mbili zikiwa zimekaa kwenye kanda, safi, hakuna iliyomkanyaga mwenzake. Nikatikisa kichwa: usizime. Kisha mikono yangu ikafanya jambo ambalo sikulipanga. Nikageuza kipaza sauti pole pole kumwelekea Mama Zaituni. Na Festo akageuza kamera kufuata kipaza sauti, mpaka akamkuta yule mama amekaa juu ya kinu kilicholazwa chini, ungo miguuni, akiendelea kueleza alivyompeleka mgeni kibandani kwake na kumpikia uji wa mchele, na mgeni akaukataa kwa kuwa hajawahi kuuona. "Nilidhani ni dawa," alisema Mama Kabula. "Eeh, ulidhani dawa," alisema Mama Zaituni, na wakacheka, na kamera ikarudi kwa Mama Kabula ikamkuta anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga. "Mtoto tukamwita Kabula, jina letu la mvua, kwa mvua ile." "Eeh." Filamu ikaisha ndani ya kamera. Nilisikia mkia wake ukipigapiga.

Ndugu Sefu hakugomba. Alipakia vitu, akasema mhariri ndiye atakayesema, akakaa kwenye usukani. Nyuma, katikati ya mikebe, nilimuuliza Festo kwa nini hakuzima wakati mkubwa ameinua mkono. Alishika mkebe mmoja usianguke, tukaruka shimo moja na la pili.

"Ningezimaje?" alisema. "Yeye hakuwa anasikia kitu. Mimi sikuwa nasikia kitu. Wewe ndiye uliyekuwa na hedifoni."

Nimefanya kazi na watu wengi tangu hapo, wengine hodari kuliko Festo kwa mashine na kwa vyeti. Wengi walinifundisha. Lakini aliyekuwa tayari kuivunja amri kwa sababu ya kitu nilichokisikia mimi peke yangu, kitu ambacho hakuwa na njia ya kukihakikisha, ni yeye, na alifanya hivyo akijua anaweza kupoteza kazi kama mimi. Mjane wake ameniambia nisimfanye malaika. Simfanyi. Kwenye safari ile alikoroma njia nzima kutoka Chimala mpaka Mbeya.

Tulirudi na filamu iliyokamilika baada ya mavuno, tukaionyesha kwanza pale Chimala, darasani, mchana, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi na magunia. Wafugaji walikaa upande mmoja na wakulima upande mwingine, kama walivyoingia. Nilikaa karibu na projekta, sina hedifoni, sina la kufanya kwa mikono yangu, nikijua kwamba baada ya kuzimwa kwa taa ya projekta Ndugu Sefu atanipa jibu langu. Mama Kabula akatokea ukutani. Aliposema walitoka kwao kwa miguu, Mama Zaituni wa kwenye kanda akaitikia eeh, na mtu mmoja gizani akaitikia pia. Kwenye mito iliyojaa waliitikia wengi. Kufikia uji wa mchele darasa zima lilikuwa linaitikia, pande zote mbili, na nilipogeuka nilimwona Ndugu Sefu amesimama ukutani, mikono kifuani, akisema "eeh" mahali panapostahili kabisa.

Mablanketi yalipoondolewa madirishani alikuja akaanza kukunja waya wa spika.

"Ndugu Atupele. Kule ofisini kwenu, kiti chako bado kinakungoja?"

"Nadhani bado, ndugu."

"Waambie wampe mtu mwingine," alisema, na akaenda na waya wake.

Nilitoka nje. Mama Kabula na Mama Zaituni walikuwa wamesimama juani wakibishana, mmoja akisema mvua ya siku ile ilianza asubuhi, mwingine akisema hapana, ilianza usiku wa kuamkia, kwa sababu alikumbuka jembe lilivyokuwa limelowa. Waliponiona hawakuacha. Mama Kabula alinishika mkono, akanigeukia mimi, akaanza kunieleza upya tangu mwanzo. Mwaka mzima nilikuwa nimejizoeza kutotoa hata pumzi mtu anapozungumza. Alipofika mwisho wa sentensi ya kwanza, akanyamaza, akaningoja.

"Eeh," nilisema.

Naye akaendelea.